Taulo Juu ya Amplifaya

Bendi nyingi nimezibebea vyombo katika kuhamahama kwangu, lakini kimya kama cha harusi ile, milimani juu ya mji wa Vlasotince, sijakiona tena. Duara la kolo, ngoma ya kushikana mikono, limejaza ua mzima, bwana harusi kalowa jasho, mara spika kimya! Akodioni ikabaki inalia peke yake kama nzi ndani ya chupa.

"Sikukwambia?" Tihomir, mkuu wa bendi, akamgeukia Grozdana. "Amplifaya bila feni ni jeneza la bati!"

Grozdana, mpiga besi wetu, ndiye aliyeiunda, majira yote ya baridi. Feni hakuitaka: inavuta vumbi la wachezaji mpaka inakwama. Mgongoni akaifungia mapezi ya aluminiamu, yamesimama wima kama meno ya kitana. Hewa iliyo kati yake ikipata moto inakuwa nyepesi, inapanda yenyewe, na ya baridi inajipenyeza kutoka chini. Tihomir alikuwa amemwambia wazi: isipoimaliza harusi hii, tunarudi kwenye mashine ya kukodi, na yako ufugie kuku.

Watu wakaanza kupiga miluzi. Nikakimbilia nyuma ya jukwaa, na hapo nikaiona: taulo nene iliyotariziwa imetandikwa juu ya mapezi, imeziba kote.

"Nani katia blanketi hapa?" Tihomir akanyoosha mkono. Nikamdaka. Huko taulo kama hiyo ni zawadi ya harusi kwa wapigaji, na zawadi huiondoi mbele ya aliyeitoa, labda kama unataka kufukuzwa na mbwa.

"Mimi," akasema Nyanya Stamena, aliyemlea bibi harusi. "Kila mpigaji nimempa taulo. Hiyo nayo inapiga. Tena inafanya kazi kukushinda wewe!"

Wageni wakaangua kicheko. Tihomir akawa mwekundu kama pilipili ya kukaangwa.

"Umeiheshimu, nyanya," Grozdana akasema. "Ila inapumulia hapo. Umeiziba pua."

"Pua? Hata mdomo haina!"

"Lete mkono." Akainua pindo kidogo, akauweka mkono wa nyanya juu ya mapezi.

"Uuu! Inanipulizia! Umemfungia nani humu?"

"Hewa tu."

"Basi ipumue. Lakini taulo yangu hairudi sandukuni, nakwambia!"

Grozdana akageuka huku na huku, kisha akaikwapua stendi ya maikrofoni ya Tihomir mwenyewe. Akaisimamisha nyuma ya amplifaya, akaivuta mpaka mwisho, akaitundika taulo juu kabisa, mbali na mapezi, kama bendera. Tukasubiri ipoe: ikizidi moto hujizima, ikipoa huwaka yenyewe.

Tak! Taa yake ikawaka. Besi ikanguruma mpaka glasi za rakija, pombe kali ya matunda, zikagongana mezani.

"Tazameni!" Nyanya Stamena akapiga kelele. "Inacheza!"

Kweli. Upepo haukuwapo, moshi wa nguruwe wa kuchoma ulipanda wima, lakini nyuzi za pindo la taulo zilikuwa zinayumba, zinainuka, zinashuka, kwa hewa ya moto iliyopanda kutoka kwenye mapezi. Watoto wakaparamia jukwaa. Duara la kolo likavunja mstari likaja kuizunguka amplifaya, na Nyanya Stamena mbele, kashika leso juu.

Tukapiga mpaka bibi harusi akapanda gari na ua ukabaki na paka. Amplifaya haikuzimika tena. Wakati wa kupakia, Tihomir akaikumbatia amplifaya mwenyewe, akanikaripia nilipotaka kusaidia.

"Usiyashike mapezi, mzee, utayapinda!" Halafu, bila kumtazama Grozdana: "Harusi ya Jumapili njoo na stendi mbili. Moja ya taulo, moja ya maikrofoni yangu."