Mume wa Nyamburi

Ryoba alimpa Nyamburi mpaka mwisho wa mavuno awe amehama. Alisema hayo akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani, na alipomaliza akaomba maji ya kunywa. Nyamburi akamletea maji. Ndivyo alivyokuwa siku hizo. Ungemwambia nyumba inaungua, angekuuliza kama umekula.

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu wamzike Bibi Wakuru. Msibani watu walimtazama Nyamburi wakisubiri alie, hakulia. Alipika, akaosha masufuria, akakunja mikeka ya watu. Wengine wakasema ana moyo wa jiwe. Yeye mwenyewe alijipapasa ndani akakuta ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya huku Mara lazima nieleze, maana bila hilo hutaelewa kitu. Wakuru aliolewa na Isidori, Isidori akafa, na hawakujaliwa hata mtoto mmoja. Mwanamke wa namna hiyo huku ana njia yake. Anatoa ng'ombe, anaoa mke, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Wenyewe huiita nyumba ntobhu. Na kwa kuwa mke lazima awe na mume, anatajwa mtoto wa kiume ambaye yule mama angemzaa kama Mungu angempa. Wakuru mtoto wake huyo alimwita Makongoro. Usicheke. Kwa huyo Makongoro, ambaye hakuwahi kunyonya wala kutambaa, ndiko Nyamburi alikoolewa akiwa na miaka kumi na minane, kwa ng'ombe kumi wa kuhesabika kabisa, na ng'ombe wa sherehe akachinjwa, na Ryoba akala.

Ryoba ni mtoto wa ndugu yake Isidori. Kwa hesabu ya mila, yeye na Makongoro ni ndugu, kwa hiyo miaka ishirini yote alimwita Nyamburi shemeji. Hata siku ya kumfukuza alimwita shemeji. Maneno yake yalikuwa mafupi: Wakuru hakuacha mtoto, kwa hiyo nyumba ya bati na ekari tatu zinazoizunguka zinarudi ukoo, na kikao cha ukoo kikikaa kitamteua yeye msimamizi wa mirathi. Nyamburi angeenda wapi na watoto watatu, hilo halikuwa kwenye ajenda.

Na hao watoto tusiwasahau. Elias yuko kidato cha pili, Hana darasa la sita, na yule mdogo bado anavuta sketi ya mama yake. Wa kwanza baba yake alihamia machimboni, hakurudi. Wawili wa mwisho ni wa Alfonsi, mchomea vyuma, mtu wa watu, aliyechaguliwa na Wakuru mwenyewe kwa sababu, alisema bibi, ana meno mazuri na hana maneno mengi. Lakini vyeti vyao vya kuzaliwa vyote, penye jina la baba, pameandikwa Makongoro Isidori. Alfonsi aliliona hilo na akanyamaza. Mila ndivyo inavyotaka, mbegu haina shamba.

Jumatatu moja bodaboda alipita na kipaza sauti akitangaza elimu ya sheria kwa wananchi, bure, hakuna kiingilio, Jumatano ofisi ya kata Nyamuswa. Nyamburi hakusisimka. Alisikia tu neno mirathi. Akafungua sanduku la bati la marehemu, akatoa karatasi ya mauziano ya shamba iliyofungwa kwenye nailoni, akaiweka kwenye mkoba bila kuifungua. Wakuru alikuwa hataki karatasi zake zichezewe, na hata kaburini bado alikuwa anatiiwa.

Mwalimu alikuwa dada mmoja anaitwa Lilian, msaidizi wa kisheria, amekuja na basi la asubuhi kutoka Musoma na vumbi lake lote. Alikuwa na mafua na chati za kubandika ukutani. Ukumbi ulijaa, wengine wamekuja kwa sheria, wengine kwa soda. Mzee mmoja alitaka kujua fahali wake akimpanda ng'ombe wa jirani ndama ni wa nani, na hapo zikapotea dakika ishirini nzima. Lilian alivumilia. Kisha akafika kwenye ndoa, akasema kwa sheria ya nchi ndoa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, na akauliza kama kuna swali.

Nyamburi akanyoosha mkono. Hakuwa amepanga. Akauliza mtu aliyeolewa nyumba ntobhu anarithi vipi.

Lilian hakuwa mtu wa Mara kwa kuzaliwa, akauliza mume wa huyo mama yuko wapi. Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Nyamburi akajibu, kwa utulivu uleule wa kuleta maji, kwamba hajazaliwa.

Lilian hakucheka, na kwa hilo nampa heshima yake. Aliomba wakae pamoja baada ya somo. Walipobaki wawili, akasikiliza habari yote ya Ryoba na kikao chake, akakunja chati zake polepole, akasema hataki kumdanganya.

"Mama, kwa sheria wewe si mke wa mtu. Hukuwahi kuwa. Bibi Wakuru hakuweza kukuoa, na mtu asiyekuwepo hawezi kukuoa. Ukisimama mahakamani kama mjane au kama mkwe, watakutoa mapema tu."

Nyamburi aliyapokea hayo kama anavyopokea kila kitu. Akauliza swali moja: ina maana ningeweza kuolewaga siku zote? Lilian akasema ndiyo, hata kesho, na mtu yeyote anayemtaka. Miaka ishirini. Alijaribu kukasirika, hasira haikuja. Alijaribu kufurahi. Alimfikiria Alfonsi, aliyekuwa amepanga chumba na kibanda cha kuchomelea kule Manyamanyama, Bunda mjini, na aliyemwambia tangu mwaka juzi twende tukaishi kama watu, na yeye akamjibu kila mara kwamba ni mke wa mtu. Kumbe hakuwa. Aliligeuza wazo hilo kichwani kama mtu anayekagua kitambaa ambacho hana uwezo wa kukinunua.

Kisha, kwa kuwa ilikuwa mkobani, akatoa ile karatasi.

Lilian aliisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Akapenga kamasi. Akauliza nani alimwambia kwamba shamba hili ni la Bibi Wakuru. Nyamburi akasema kila mtu anajua, alinunua kwa hela yake ya pamba, kutoka kwa mzee Makoye, mwaka aliozaliwa Hana.

"Hela ni yake," Lilian akasema. "Mnunuzi siye."

Akamsomea. Muuzaji, Makoye. Mnunuzi, Makongoro Isidori. Aliyepokea kwa niaba ya mnunuzi ni mama yake mzazi, Wakuru, kwa sababu mnunuzi yuko safarini. Muhuri wa kijiji ulikuwepo. Shahidi wa upande wa mnunuzi alikuwa Ryoba, na kwa mkono wake mwenyewe aliandika uhusiano: ndugu wa mnunuzi.

Hapa ndipo unapomwona Wakuru alivyokuwa. Mwanamke mwingine angenunua kwa jina lake mambo yakaisha. Yeye aliona aibu mama amiliki shamba wakati ana mtoto wa kiume mtu mzima mwenye mke. Makongoro kwake alikuwa mtu. Alikuwa akimwekea chakula siku za sikukuu, na akimsema kwamba haandikagi hata barua. Watu wa huku peke yao ndio wanaoweza kufanya kosa la namna hiyo, na kijiji kizima kikaligongea muhuri bila kushtuka.

Lilian akamweleza kidole kwa kidole. Mirathi ni mali ya mtu aliyekufa. Hili shamba, kwa karatasi hii, halimo kwenye mali ya Wakuru, kwa hiyo hakuna kikao kinachoweza kuligawa kama mirathi yake. Na Makongoro hana cheti cha kifo. Mali ya mtu aliye hai hairithiwi. Anayetaka kusema huyo mtu hayupo, aende akathibitishe, na Ryoba akithibitisha atakuwa anasema alisaini uongo. Kisha akashusha sauti akasema, mama, mimi siwezi kukufundisha kusema uongo, kazi yangu hainiruhusu. Mahakamani ukiapishwa, useme kweli. Mimi nakusomea tu kilichoandikwa.

"Na nikiolewa na mtu mwingine?" Nyamburi akauliza.

Lilian akairudisha karatasi kwenye nailoni yake. "Sheria haikuzuii. Lakini siku utakayoolewa utakuwa umesema mwenyewe kwamba Makongoro hayupo. Na kama hayupo, hela ilikuwa ya bibi, na shamba litarudi kuwa la bibi. Shemeji yako atakuwa anasubiri."

Hakumtoza hata mia. Alimpa nakala mbili za karatasi, namba ya simu, na soda iliyobaki.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumamosi iliyofuata uwanjani kwa Ryoba, watu kumi na wanne, mwenyekiti mzee Enoka. Ryoba alishaandaa muhtasari kabla ya kikao kuanza, jina lake limo kama msimamizi, bado sahihi tu. Alizungumza vizuri, mtu huyo ana mdomo. Alimwombea marehemu, akawashukuru wazee, akasema hakuna anayemchukia shemeji, ila utaratibu ni utaratibu.

Nyamburi akasimama, akampa mzee Enoka nakala. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na yale maneno ndugu wa mnunuzi. Akamgeukia Ryoba akamuuliza kama mwandiko huo ni wake. Ryoba akautazama kwa muda ambao haukuhitajika.

"Ni wangu. Lakini jamani, wote tunajua huyu mtu hayupo."

Sema sasa, nani angejibu? Enoka mwenyewe ndiye aliyepeleka ng'ombe kwa baba yake Nyamburi, akasema nyumbani kwa watu kwamba ametumwa na Makongoro. Wazee watatu pale walikunywa pombe ya harusi ya Makongoro. Ukisema hayupo umeifunga nyumba ya Isidori kwa mkono wako, umewageuza wajukuu wa ukoo kuwa watoto wa barabarani, na ng'ombe kumi umewatupa. Ryoba aliliona hilo akiwa ameshalitamka. Alikaa chini.

Enoka akavua miwani. Kwa kuwa kikao lazima kiandike kitu, akauliza kwa utaratibu kabisa.

"Nyamburi, mwanangu. Mumeo yuko wapi?"

Angeweza kusema ukweli. Nataka mjue kwamba alikuwa nao mdomoni, aliujua sasa kwa kufundishwa: sina mume, sijawahi kuwa naye, mimi ni mwanamke huru. Akisema hivyo, jioni anaondoka na Alfonsi, mikono mitupu, watoto watatu kwenye chumba kimoja cha kupanga. Asiposema, watoto wana bati juu ya vichwa vyao na ekari tatu. Aliwaza hayo bila moyo kupiga haraka.

"Yuko hai," akasema. "Yuko safarini."

Enoka akamwamuru katibu aandike hivyo. Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba kama ni hivyo basi mke wa mtu akae kwa mumewe, aheshimu nyumba, ukoo usisikie habari za kuhamia Bunda. Wote wakaitikia. Ryoba naye akaitikia, akatia sahihi, na akamwita shemeji wakati wa kumpa mkono.

Alfonsi alikuwa anamsubiri njia panda na pikipiki, helmeti mbili. Alikuwa amesikia mambo ya somo kutoka kwa watu waliokuwepo, kwamba yule dada wa Musoma kasema Nyamburi si mke wa mtu, na tangu Jumatano alikuwa anatembea kama aliyepata barua ya ajira. Alinunua hata kitanda. Sita kwa sita. Alimwambia habari ya kitanda kwanza, maskini, kabla hajauliza kikao kimeendaje.

Nyamburi akamweleza yote, la karatasi na la Enoka, kwa sauti moja tu.

"Kwa hiyo?" Alfonsi akauliza.

"Kwa hiyo mimi ni mke wa mtu."

Alfonsi akatazama chini akakwaruza tangi la mafuta kwa ukucha. Akauliza mpaka lini. Nyamburi akasema mpaka mumewe afe. Na hapo ndipo mwanaume yule mpole, ambaye miaka yote hakuwahi kulalamika jina lake halimo kwenye cheti cha mtoto wake hata mmoja, alipomtazama usoni.

"Atakufaje, Nyamburi?"

Somo lile halikufika huko. Alimgusa Alfonsi begani, akasema watoto watakuwa na njaa, akashika njia ya nyumbani. Mbele kidogo akasikia pikipiki ikiwaka, ikakaa inanguruma pale pale muda mrefu, kisha ikaelekea Bunda.

Hana alikuwa amekoka moto. Akauliza, mama, tunahama? Nyamburi akasema hatuhami. Mtoto akashangilia akakimbia kumwambia kaka yake, na Nyamburi akabaki amekaa kwenye kigoda akisubiri nafsi yake nayo ifurahi. Alisubiri mpaka maji yakachemka, akainuka akatia unga.