Mwanaume Aliyedeki Ngazi za Ulrike

Volker Bofinger aliponijia alikuwa na haja moja tu: nithibitishe kwamba mtalaka wake ana bwana. Si bwana wa kupita, maana huyo sheria yetu haimjali. Alitaka bwana wa kukaa, wa kula na kulala, kwa sababu mtalaka akishaanza maisha na mtu mwingine, yule wa zamani anaacha kulipa matunzo. Nusu ya kazi yangu ya upelelezi hapa mjini Reutlingen ndiyo hiyo. Nusu nyingine ni kuwafuata watu walioandikiwa na daktari walale kitandani, nao wako bustanini wanajenga banda.

"Bi Eisele, mimi si mtu mbaya," aliniambia. Wote huanza hivyo. "Lakini siwezi kumlisha mwanaume mwenzangu."

"Unamjua?"

"Edgar Schlotterbeck. Walikuwa wakifanya kazi pamoja kwenye duka la miwani. Limtu lirefu, halina hata unywele. Sijui Ulrike kapenda nini pale."

"Itabidi nikeshe pale siku chache, tuone anaingia saa ngapi."

"Ukeshe wa nini? Si usiku bei yako inapanda? Mtu akitoka asubuhi, si alilala humo?"

Huyo ndiye Bofinger. Anauza makabati ya jikoni kwa matajiri na bado ana mkono wa birika. Sikubishana naye. Watu wa huku kwetu wote tuko hivyo kidogo, na mimi mwenyewe hununua mkate wa jana kwa kuwa ni nusu bei.

Basi nikaegesha gari mtaani kwa Ulrike, chini kidogo ya jengo lake. Kila asubuhi niliona mambo yaleyale. Edgar anatoka na mfuko wa taka, nyuma yake Rike, binti wa Ulrike na Bofinger, mtoto wa miaka kumi aliyesukwa mikia miwili iliyokwenda upande, msuko wa mkono wa mwanaume kabisa. Anamfikisha shuleni, anaenda zake kazini. Wakili hodari angeyapangua hayo yote kwa dakika moja: rafiki wa familia, mtu mwema, basi. Kilichonishawishi ni Jumamosi.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zamu ya usafi. Kibao kikining'inia mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi ni zako, na ukumbi, na njia ya mbele ya jengo, na ukimaliza unakipeleka kwa jirani. Najua watu ambao hawasalimiani hadi leo kwa ajili ya kona iliyorukwa. Unaweza kumkopesha jirani gari lako, unaweza kumbebea jeneza la baba yake, lakini kumfanyia zamu yake? Hiyo hufanywa na anayeishi humo tu.

Niliingia nikijifanya nagawa vikaratasi vya matangazo ya duka la viatu. Ghorofa ya tatu kibao kilikuwa kwenye mlango wa Ulrike, na Edgar amepiga magoti kwenye ngazi, amekunja mikono ya shati, anasugua kona kwa kidole alichokivika tambara.

"Pita ukutani, mama," aliniambia. "Huko kumeshakauka."

Nilimpenda palepale. Palepale nikampiga picha kwa simu niliyoificha kwenye vikaratasi.

Niliandika ripoti. Hakuna mwanaume mwenye akili timamu mji huu anayesugua kona za zamu ya mwanamke asiyekaa naye. Nililisema hilo kwa maneno ya kiofisa, na nilijua hakimu, naye ni wa hukuhuku, ataelewa. Bofinger alisoma akacheka hadi machozi. Halafu akaniuliza kama picha zikipungua na bei inapungua.

Wakili wake ndiye aliyetaka picha moja zaidi, Edgar akifagia mbele ya jengo, uso uonekane vizuri. Zamu ya Ulrike ilipofika tena nikarudi. Nilisubiri garini mchana kutwa, Edgar hakutokea. Nikaona niingie, labda yuko juu.

Kwanza nilisikia ndoo. Kisha nikamwona Ulrike mwenyewe, amekaa kwenye ngazi, na sikumwelewa mpaka aliposogea. Alikuwa anashuka kwa makalio. Tambara amelibana kwa viganja viwili, kwa sababu vidole havikukubali kukunjika. Anafuta, anajiburura ngazi moja chini, anafuta tena. Ndoo aliisukuma kwa kiwiko. Ikamponyoka, maji yakaja mpaka kwenye viatu vyangu.

"Usipige kelele," alisema kwa sauti ya chini. "Yule mama wa ghorofa ya kwanza anasikia mpaka panya."

Nikalichukua tambara. Sikufikiri, mkono ulienda wenyewe. Nilideki ngazi zile hadi chini, na kona zake, nikarudi kumshika kwapani kumwinua. Alikuwa mwepesi, na miguu ilikuwa inamtetemeka.

"Wewe ndiye wa gari la kijivu," akasema tulipofika mlangoni.

"Gari gani?"

"Acha bwana! Mtaa mzima tunakujua. Rike anakuita Mama Mkate, maana kila akipita unatafuna."

Na mimi miaka yote najidai sionekani.

Tulikaa jikoni, kahawa nikamimina mimi. Yeye alinywa kwa kikombe chenye vishikio viwili, kama vya watoto. Edgar ana homa, alisema, ndiyo maana. Edgar anaishi na mama yake mtaa wa pili. Hufika kwa Ulrike alfajiri, anamfunga vifungo, anamsuka mtoto, anatoa taka. Akitoka kazini hupita kupika, halafu anarudi kulala kwa mama yake. Yeye mwenyewe Ulrike ana ugonjwa wa neva, ule unaomla mtu polepole. Ulianzia kwenye vidole, vioo vya miwani vikawa vinamdondoka dukani.

Uso ukaniwaka. Alfajiri! Saa ambazo Bofinger hakutaka kuzilipia, na mimi kitanda kilikuwa kitamu.

"Jumatatu nampigia wakili wa Volker," nikamwambia. "Ile ripoti niliyoandika kwamba Edgar anakaa hapa naifuta. Mgonjwa hanyang'anywi matunzo, mwanangu. Huenda hata ukaongezewa."

"Ukiifuta utaandika nini?"

"Ukweli."

"Kwamba siwezi kufunga kifungo."

Nikamsogezea kikombe chake.

"Siku moja niliangusha sahani mbele ya Volker," alisema. "Akadhani nimelewa. Akaniambia, siku utakayoshindwa kumlea Rike, anahamia kwetu, mke wangu ameshamtengea chumba. Anaisubiri hiyo siku, mama. Sasa wewe ndiye umpelekee?"

"Hakimu hamchukui mtoto kwa sababu mama yake anaumwa."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama ile muda wa kutosha kujua kwamba lolote hutokea.

"Basi niache na bwana wangu," akasema, na safari hii alicheka kweli. "Edgar amekubali aitwe hivyo. Mama yake ndiyo amefurahi, anasema hatimaye mwanawe kapata mtu! Volker achukue pesa zake. Tutakula viazi. Mwanamke mwenye bwana hakuna anayemnyang'anya mtoto."

Nilikuwa na hasira na sikujua niimwagie nani. Bofinger, ule ugonjwa, au mimi mwenyewe niliyejiona mjanja kwa sababu ya tambara? Mkataba wangu unasema kila ninachokiona ni mali ya aliyenilipa. Niliuvunja pale mezani kwa kumwambia sawa. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Mahakamani niliitwa kama shahidi. Hakimu, mama wa makamo, aliniuliza niliona nini. Nikamwambia: asubuhi, taka, mtoto, ngazi.

"Ngazi?"

"Kwa magoti, mheshimiwa. Mpaka kwenye kona."

Aliandika, na nikaona kwamba kwake kesi imekwisha. Akamgeukia Ulrike, aliyekuwa ameficha mikono chini ya meza. "Unakanusha?"

"Sikanushi. Tunaishi pamoja."

Edgar, kule nyuma, alikuwa mwekundu hadi masikioni. Wakili wa Ulrike alimkodolea macho mteja wake kama vile amevuliwa nguo. Hakimu akanirudia mimi, kama nina la kuongeza. Nilikuwa nalo, lilikuwa limejaa mdomoni. Ulrike alinitazama bila kupepesa.

"Sina," nikasema.

Kabla ya chakula cha mchana matunzo yalikuwa yamefutwa.

Bofinger alinidaka ukumbini, akanishika mikono yote miwili. "Umefanya kazi, mama! Sasa tuingie ya pili."

"Ya pili ipi?"

"Rike! Umesema mwenyewe pale mbele, na kwenye ripoti umeandika. Mwanaume anamtoa mtoto asubuhi, anamshikashika nywele. Mtu sijui katokea wapi, hajaoa maisha yake yote, leo analala nyumba moja na binti yangu? Ninyamaze? Wakili anasema kwa ushahidi wako tumeshafika nusu ya njia. Naomba mtoto akae kwangu. Na safari hii nalipa hata usiku, wala usijali."

"Edgar ni mtu mwema."

"Umejuaje?"

Nilifungua mdomo. Nikimwambia Edgar halali pale, ataniuliza basi kila siku anafuata nini, na jibu la swali hilo ndilo alilolisubiri tangu ile sahani ivunjike. Nikimwambia analala pale, hilo nimeshalitolea ushahidi mbele ya hakimu, na ndilo analolifurahia. Nilizunguka kichwani kutafuta neno la tatu. Sikulipata. Hata sasa sijalipata.

"Sikusikii, mama."

"Sichukui hiyo kazi," nikasema.

"Shauri yako. Mji huu haukosi wapelelezi." Akaondoka na simu sikioni, namsikia akimwambia mke wake mambo yamekwenda vizuri.

Ulrike alikuja polepole upande wangu, amemshika Edgar mkono, kichwa juu, kama bibi harusi. Alikuwa hajasikia kitu. Alinisogelea hadi sikioni.

"Ahsante, mama," alinong'ona. "Mwezi mzima sijafumba jicho. Leo ndiyo nitalala."

"Lala, mwanangu," nikamwambia.