Sindano za Shemeji

Mwokaji alikuwa na mikono minene, kitambi cha heshima na mke aliyempenda kuliko usingizi. Na mtu anayeamka kila siku kabla ya jogoo kwenda kukanda unga anajua thamani ya usingizi. Walichokosa ni mtoto, na mwaka wa nne ulikuwa unakatika. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alipimwa kila kinachopimwa, akaambiwa hana neno. Ndipo Mwokaji akapiga moyo konde, akapeleka kliniki kikopo cha mbegu zake alichokibana kwapani kisipoe, njia nzima akiomba asikutane na mteja wa mikate.

Daktari alikuwa mama mmoja asiyejua kuzungukazunguka. Alimwambia mbegu zipo ila ni chache, na nyingi zinaogelea kivivu.

"Milioni nne kwa mililita," alisema. "Tunataka angalau kumi na sita."

"Milioni nne si nyingi, daktari?"

"Ingekuwa mikate, ningekubaliana nawe. Sasa sikiliza. Kaa mbali na tanuri, joto linazimaliza. Sigara acha leo hii. Suruali za kubana gawa. Na hicho kitambi kipungue. Mbegu huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo rudi baada ya miezi mitatu tupime tena."

Kumwambia mwokaji akae mbali na tanuri ni rahisi kwa asiyewahi kuoka. Miaka kumi na minane yeye ndiye aliyejua kwa pua tu mkate umebakiza dakika ngapi. Aliliacha tanuri kwa msaidizi wake, akahamia dirishani kuuza, na wiki ya kwanza ilipotoka mikate myeusi upande mmoja, aliuma meno akawafungia wateja hivyo hivyo. Sigara aliiacha kwa kutafuna njiti za kiberiti. Kikabaki kitambi, na hapo mkewe akamshika mkono akampeleka kwa kaka yake.

Huyu shemeji alikuwa na jimu nyuma ya gereji, na mtaa mzima ulimwita Chuma. Alikuwa mcheshi, mwenye shingo nene kama ya fahali, na Mwokaji alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

"Kaka, nakukabidhi mume wangu," mke alisema. "Daktari kataka apungue. Tunatafuta mtoto, unajua."

"Niachie mimi," Chuma akajibu. "Mtaita wakunga wawili."

Wiki ya pili Chuma alimwita pembeni, akatoa kichupa chenye maji mazito kama mafuta ya kula. Alisema ni vitamini za kuupa mwili nguvu, na hata mbegu zitachangamka. Ikawa kila Jumatatu sindano, leo tako la kulia, wiki ijayo la kushoto, bure kabisa, maana ni familia.

Na kweli mambo yalibadilika! Kitambi kiliyeyuka, kifua kikajaa, mashati yakabana mabegani. Hata chumbani mkewe alianza kulalamika huku anacheka. Mwokaji alivimba kichwa. Chuma alimpiga picha, akaibandika mlangoni mwa jimu: kushoto Mwokaji wa zamani na kitambi chake, kulia Mwokaji mpya. Wanaume wa mtaa walisimama, wakatazama, wakaingia kujiandikisha.

Miezi mitatu ilipotimia alirudi kliniki akitembea kama bwana harusi. Daktari aliisoma karatasi mara mbili.

"Sifuri," alisema.

"Sifuri ngapi?"

"Sifuri tu. Hakuna hata moja." Hakumtazama usoni, alimtazama kifuani. "Unajidunga nini?"

Mwokaji alikuwa amekipiga picha kile kichupa, kwa sababu msaidizi wake naye alikitamani. Akampa daktari simu.

"Hizi si vitamini. Hii ni homoni ya kiume."

"Sasa si ndiyo nzuri? Mimi si mwanamume?"

"Mwili ukiletewa homoni kutoka nje, unajiona hauna kazi tena. Unafunga karakana, na mbegu zinatengenezwa humo humo. Acha leo. Wengi hufunguka tena, lakini ni kazi ya miezi, wengine mwaka na zaidi. Wengine hawarudi walipokuwa." Akashika kalamu. "Mkeo ana miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

Daktari aliiandika, akaipigia mstari.

Nataka msomaji ajue kwamba Mwokaji hakutoka pale na hasira. Alitoka na huruma. Njia nzima alimuwazia shemeji yake, ambaye misuli ile bila shaka ilitoka kwenye kichupa kilekile, na ambaye alikuwa na mtoto mmoja tu wa miezi kumi. Maskini, alijiambia, naye hajui anajimaliza. Alikwenda moja kwa moja jimu ili amwokoe.

Alimkuta kakaa kwenye benchi, mtoto yuko mkekani anagonga kopo.

"Shemeji, zile sindano acha," Mwokaji alisema akihema. "Daktari kasema zinaua mbegu. Mimi nimebaki sifuri. Wewe bado unataka mtoto wa pili, acha leo leo."

Chuma alicheka, cheko la mtu anayetulizwa kwa jambo lisilomsumbua.

"Mimi? Mimi niliacha zamani, shemeji. Tulipoanza kumtafuta huyu, niliacha mwaka mzima kwanza."

Kisha akasikia alichokisema, na cheko likamkatikia mdomoni. Mtoto akaendelea kugonga kopo.

"Ulijua," Mwokaji alisema.

"Sikiliza, si kwamba..."

"Ulijua natafuta mtoto. Dada yako alikwambia hapa hapa, amesimama hapo."

"Zingerudi tu. Nilitaka nikumalizie mwezi mmoja mwingine, ulikuwa unatoka vizuri. Ile picha yako, shemeji, nusu ya wateja hawa wameletwa na ile picha."

Mwokaji alimtazama mtu huyu aliyekula naye sahani moja. Alitaka kumpiga, na nguvu alikuwa nazo. Lakini nguvu zenyewe ndizo zilizomtia kinyaa. Alitoka, akaibandua ile picha mlangoni, akaichana vipande.

Nyumbani mkewe alikuwa mashineni, anapachika vifungo. Mwokaji alimweleza yote tangu karatasi ya daktari mpaka mlango wa jimu, bila kuficha ile sifuri. Mkewe aliacha sindano ndani ya kitambaa.

"Alijua?" aliuliza taratibu.

"Alijua tangu sindano ya kwanza."

Machozi yakamtoka mkewe bila sauti.

"Wiki ile ya kwanza niliona alama ya sindano mwilini mwako," alisema. "Sikukwambia. Nilimfuata peke yangu, nikamuuliza, kaka, hicho kitu hakitatuharibia? Maana miaka yangu inakwenda. Akaniwekea mkono kichwani, akaapa kwa kaburi la mama yetu."

Alijifuta kwa ukingo wa sare ya mtoto wa watu.

"Ndiyo maana sikukukataza."