Mistari ya Ilka Dorun

Nilimjua Ilka Dorun kabla hajawa na uso, kwa kuwa uso wake niliutengeneza mimi. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo katika chombo cha anga kiitwacho Semuri, kilichopotea mbali na nyumbani, kwenye kipindi cha televisheni tulichokuwa tukikirekodi studioni mjini Burbank miaka ile ya tisini. Baba yake Ilka alikuwa binadamu. Mama yake alikuwa Mwothari, wa watu wa sayari ya ukungu ambao hawana masikio kama yetu. Wao husikia kwa paji la uso. Basi Ilka alizaliwa na masikio ya baba na mistari ya mama, mistari mitatu iliyoinuka kama mishipa, ikianzia kwenye nywele na kushuka hadi katikati ya nyusi. Injini ilipougua, mafundi wengine walikimbilia vipimo vyao. Ilka aliliegemeza paji lake kwenye chuma, akafumba macho, akasikiliza.

Mimi ni Odessa Pruitt, Dessa kwa watu wote wa studio. Kila siku ya kazi, kabla jua halijavuka milima, nilimketisha Araksi Terzian kwenye kiti changu na kumbandika mistari ile ya mpira kwa gundi, taratibu, nikiipaka rangi mpaka usijue ngozi inaishia wapi. Araksi alikuwa na desturi ya kusinzia huku nikimpaka, kisha anasimulia ndoto zake akiwa hajafumbua macho.

"Leo tena nilikuwa kule," alikuwa akisema.

"Kule wapi, mpenzi?"

"Kwenye injini. Lakini haikuwa ya mbao na rangi kama yetu hii. Ilikuwa inapumua, Dessa. Nikaiambia, pole mama, nimechelewa."

"Na yenyewe ikasemaje?"

"Ikanuna."

Tulicheka, na nje ya dirisha kijana wa mashine ya moshi alikuwa ameanza kuujaribu ukungu wake, ukipita chini ya mlango na kutuzunguka miguuni.

Araksi mwenyewe alikuwa wa pande mbili. Baba yake, Haig, alikuwa Muarmenia aliyezaliwa Aleppo, fundi cherehani mwenye duka dogo katika mji wa jirani, Glendale. Mama yake, Idalia, alitoka El Salvador. Walikutana walipokuwa wageni wote wawili, wakaoana, na nyumbani wakazungumza Kihispania, maana Haig alijifunza kwa ajili ya mkewe na akakipenda kuliko alivyowahi kukipenda Kiingereza. Kiarmenia alikiacha mlangoni kama viatu. Araksi alikulia hapo. Watoto wa Kiarmenia shuleni walimwita Mhispania, na binamu zake wa upande wa mama walimwita Mwarabu, ilhali hakuwa Mwarabu hata kidogo. Alipopewa nafasi ya kumwigiza Ilka, alinipigia simu akiwa na furaha ya mtoto. "Dessa, hatimaye wameniandikia mtu ambaye hajui akae meza ipi!"

Msimu wa tatu, mtayarishaji wetu Leland Stroud alikuja chumbani kwangu na skripti mpya mkononi. Leland hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kipara, kicheko kikubwa, na hofu ya kudumu kwamba kipindi kitafutwa.

"Dessa, nakupunguzia kazi," alisema. "Daktari wa Semuri anapata dawa. Ilka anaugua, daktari anamtoa Uothari wote mwilini, anabaki binadamu mtupu. Mistari kwaheri."

Nilisimama na brashi mkononi. Araksi alifumbua macho kitini.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu una sura nzuri, bibie, na tumeifunika kwa mpira misimu miwili! Watazamaji wanataka kukuona."

"Wananiona."

"Wanamwona Ilka."

"Leland, wewe ndiye uliyemwandika anasikia kwa mistari. Ukiitoa atasikiaje injini?"

"Ana masikio, si ana masikio? Hii ni televisheni, Araksi, si kanisa." Akambusu utosini, juu ya nywele, asije akaharibu kazi yangu, akaondoka.

 Nilimaliza kumpaka, naye akaenda kufanya kazi.

Wiki ileile, mchana, tukiwa katikati ya kurekodi, simu ya ukutani ililia. Ilikuwa Idalia. Haig ameanguka dukani, amepata kiharusi, yuko hospitali. Araksi alipokea simu akiwa na sare ya Semuri, buti za Semuri, na mistari mitatu kipajini. Kuitoa kunahitaji mafuta na subira, na hatukuwa na subira. Nilichukua funguo za gari nikamwambia twende.

Ilikuwa siku ya upepo ule mkavu unaoshuka kutoka jangwani, unaofanya kila kitu kionekane karibu: milima, minara ya simu, nguo kwenye kamba za watu. Maua ya mijakaranda yalikuwa yakivuka barabara kwa makundi. Araksi aliketi kando yangu ameshika mikanda ya sare yake. Kwenye taa nyekundu mtoto katika gari la pembeni alimwona, akaweka kiganja chake kwenye kioo. Araksi naye akaweka chake.

Hospitalini hakuna aliyetucheka. Watu wa Glendale wamezoea waigizaji. Chumbani tulimkuta Idalia amesimama dirishani, na kwenye kiti cha pembeni ameketi Siranush, dada mkubwa wa Haig, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kamanda.

"Anaongea," Idalia alituambia kwa haraka. "Anaongea vizuri tu, mwanangu. Ila Kiarmenia peke yake. Kihispania kimekwenda, Kiingereza kimekwenda. Nimeishi naye miaka yote hii na leo ananitazama kama mpangaji wa jirani."

Araksi alisogea kitandani, akainama. "Baba."

Haig aligeuza kichwa. Alimtazama usoni, kisha macho yake yakapanda hadi kwenye paji, yakatulia hapo. Nilidhani atashtuka. Hakushtuka. Uso wake wote ukalainika. Aliinua mkono uliokuwa na nguvu, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, akaufuata polepole kutoka kwenye nywele hadi kwenye nyusi, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama mtu anayepita njia anayoijua gizani.

"Nene," alisema.

Siranush alijishika kifua.

"Shangazi, anasema nini?"

"Anakuita nyanya yetu. Anakuita Nene."

Haig akaanza kuongea, kwa sauti ndogo, nyepesi, ambayo haikuwa ya mzee wa cherehani. Ilikuwa ya mtoto. Araksi hakuelewa hata neno, lakini hakuuondoa uso wake chini ya kidole kile.

"Anataka ubaki," Siranush alitafsiri, machozi yakimshuka bila yeye kuyajali. "Anauliza kama mto bado uko pale."

"Mto gani?"

"Mto uliopita karibu na nyumbani kwake Nene, aliokuwa akitusimulia tulale. Mimi wala sikuwahi kuuona, na yeye pia hakuuona."

"Nimjibu nini?"

"Mwambie ndiyo. Sema ayo."

"Ayo," Araksi alisema. Haig alivuta pumzi ndefu, akalala.

Tukiwa kwenye viti vya ukumbini Siranush alitusimulia, huku Idalia akimshika mkono. Nene alikuwa mwanamke kijana, na mtoto mgongoni, watu wake walipofukuzwa makwao na kusukumwa jangwani kufa. Watu wa jangwa walimchukua. Wengine wanasema walimwokoa, wengine wanasema walimteka, na Nene mwenyewe hakuwahi kuamua ni lipi. Walimchanja usoni kwa wino wa buluu, kidevuni na kwenye paji, kama wanawake wao, akaishi nao, akapika mikate yao, akaimba nyimbo zao. Baadaye watu wake walimpata wakamrudisha. Huko Aleppo walimpokea, kisha wakamkalisha nyuma kanisani na kumfunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, asionekane.

"Haig alikuwa akikitoa kile kitambaa," Siranush alisema. "Anapanda mapajani kwake, anakivuta, anafuata ile mistari kwa kidole mpaka usingizi unamchukua. Mama alikuwa akimchapa kwa hilo. Nene anasema, mwache, mtoto anasoma."

 Kisha Siranush alimtazama Araksi kwa makini, buti hadi kichwa.

"Na hizo nguo ni za nini? Umejiunga na zimamoto?"

"Ni za fundi wa mitambo, shangazi."

"Fundi wa mitambo! Hata taa ya jikoni kwa mama yako hujabadilisha."

Araksi alicheka na kulia kwa wakati mmoja, nami nikaanza kuhofia gundi yangu.

Siku ya kurekodi tukio lile la Ilka kupona ilifika. Nilimketisha kitini na, kwa mara ya kwanza, sikuwa na cha kubandika. Nilimpaka poda kidogo tu. Paji lake lilikuwa jeupe kuliko mashavu kwa sababu ya kufunikwa na mpira, na sote wawili tulilitazama kwenye kioo kama chumba kilichohamwa.

"Umeota nini leo?" nilimuuliza.

"Sijaota," alisema. "Nimelala tu."

Skripti ilisema hivi: Ilka anaingia chumba cha injini akiwa amepona. Anaweka kiganja kwenye injini. Anatabasamu, mtu aliyepata amani.

Kijana wa moshi alimwaga ukungu wake. Taa za buluu ziliwaka, na injini yetu ya mbao ikaanza kumetameta vile ilivyokuwa ikifanya siku zote. Ukisimama mbali kidogo ulikuwa unaweza kusahau kabisa. Araksi aliingia. Akaweka kiganja. Kisha, jambo ambalo halikuandikwa popote, akaliegemeza paji lake tupu kwenye injini kama alivyozoea, akafumba macho.

Akangoja.

Akageuza kichwa kidogo upande wa kushoto. Akakigeuza kulia. Akalisogeza paji chini zaidi, pale mtambo ulipokuwa na joto la taa, kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo kwa mgonjwa. Hatimaye alifumbua macho, na sijawahi kuona upweke wa namna ile kwenye uso wa mtu.

"Mbona umenyamaza?" aliiuliza injini, taratibu.

Mwongozaji alikuwa na neno la kusimamisha kamera mdomoni, akalimeza. Studio nzima ilikuwa na mafundi taa, maseremala, watu wanaokula mikate wakati wa kazi, na hakuna aliyetafuna. Ukungu uliendelea kupanda. Araksi alishuka akaketi sakafuni, mgongo kwenye injini, akaanza kufuata kwa kidole mahali mistari ilipokuwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka kamera ikaishiwa filamu.

Leland alikuwa nyuma akitazama kwenye kioo cha kuangalizia. Nilijiandaa kwa kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Alikwambia atafanya hivi?" aliniuliza.

"Hapana."

"Mwambie aje."

Araksi alikuja na poda yake imeharibika.

"Umenivunjia hadithi," Leland alisema.

"Najua."

"Sasa siwezi kumwacha hivyo. Nani atalala usiku akijua yule yuko hivyo?" Alijikuna kipara. "Daktari hawezi kuirudisha mistari mara moja, itakuwa ujinga. Lakini inaweza kuota. Polepole. Dessa, mistari inaweza kuota?"

"Inaweza," nilisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ule wote Ilka alirudi kuwa wa pande zote mbili, kidogo kidogo. Kwanza nilimpa kivuli tu, rangi unayoiona ukitazama pembeni. Siranush aliniletea picha ya Nene, mzee mwenye macho makali, kitambaa kimesogezwa nyuma na mkono wa mtoto asiyeonekana vizuri. Niliitazama sana ile picha. Mistari mipya ya Ilka haikuwa ya rangi ya ngozi kama ile ya zamani. Ilikuwa ya buluu, na watazamaji wakaandika wakiuliza maana yake. Leland aliwajibu kwamba hajui, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Haig alitoka hospitali. Jumapili moja nilialikwa kwao. Kiharusi hakikumrudishia lugha zake kwa mpangilio wowote. Kihispania kilikuja kipandekipande, majina ya vyakula kwanza. Araksi naye alikuwa amejiandikisha darasa la Kiarmenia pale kanisani, pamoja na watoto wadogo. Nilimkuta roshani ameketi mbele ya baba yake, goti kwa goti, wakifanya mazoezi.

Alijaribu sentensi ndefu. Haig alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima kubwa.

"Amesema amepika gari," Siranush alinieleza kando. "Na gari lilikuwa na chumvi nyingi."

Haig alianza kutikisika mabega. Kicheko kilimtoka upande mmoja wa mdomo, kisha wote, akamrekebisha neno moja, naye Araksi akalikosea tena kwa namna mbaya zaidi, wakashikana mikono wakicheka kama watu waliofanya utundu. Idalia alitokea jikoni, viganja vimejaa unga wa mahindi wa mikate ya pupusa.

"Mnanicheka mimi?" aliuliza.

Haig alimtazama mkewe. Alitafuta neno, nasi tulimwona akilitafuta, mdomo ukifunguka na kufungika.

"Moto," alimwambia kwa Kihispania, akielekeza kidole jikoni, ambako moshi ulikuwa umeanza kutoka.

Idalia alipiga kelele akakimbia, na sote tukamfuata.