Bedkava ya Nakhungu

Anayetaka kunisikia nikisifu vitu vya mkono asije kwangu leo. Nimevifuma tangu nikiwa msichana, vimenisaidia kumsomesha mtoto, na bado vimenichosha roho kuliko kitu kingine chochote duniani, ukimwondoa mume wangu.

Hapa Kitale, miaka hiyo ya tisini, harusi bila vitambaa ilikuwa kama haijafungwa. Sufuria za dukani watu walizipokea kwa heshima, wakaziweka kando. Lakini mtu akifungua vitambaa vya viti vilivyofumwa kwa uzi mweupe, ukumbi mzima ulilipuka kwa vigelegele. "Kitu cha mkono!" emsii, yule msema chochote wa sherehe, alisema kila mara. "Huyu mama alikaa chini akimfikiria bibi harusi!" Na huyo mama aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku mimi, niliyekaa chini nikifikiria maharagwe yangu yanayoungua jikoni, nikipiga makofi kule nyuma pamoja na wengine.

Maana walikuwa wakiniagiza mimi niwafumie. Walikuja mmoja mmoja, kwa mlango wa jikoni. "Mama Kipketer, nishonee. Lakini tafadhali, hii ibaki kati yetu." Nami nilinyamaza, kwa sababu siku ambayo ningefungua mdomo, kazi ingekwisha. Hata mwanangu Kipketer, aliyekalia vitambaa vyangu tangu ajue kuketi, hakuwahi kuuliza vimetoka wapi. Nadhani aliamini vinaota vyenyewe kwenye viti.

Mwaka wa tisini na nne Kipketer, ambaye alikuwa karani Bungoma, alituambia kwamba anamwoa Nakhungu, msichana wa Kanduyi. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Ilikuwa miaka miwili tu tangu ile fujo ya tisini na mbili, wakati watu wa kabila letu na watu wa kabila lao waliposahau kwamba waliwahi kuazimana chumvi, wakachomeana nyumba. Msichana mwenyewe alikuwa amekuja kwetu mara mbili, akanywa chai, akajibu alichoulizwa, akaenda. Alituogopa, na mimi sikujua maneno ya kumtoa hofu. Nikaamua nimfumie bedkava. Nilitaka kitu cha kufunika kitanda kizima, chenye nakshi za mananasi kutoka pembe hadi pembe, kimwambie kwamba tunampenda, kwa kuwa mimi mwenyewe nilishindwa kumwambia.

Basi habari za harusi zikaenea, na akina mama wa kanisa wakaanza kubisha mlango wa jikoni. Wote walitaka vitambaa vya viti. Wote!

"Lakini nyinyi mnaenda harusi moja," nikamwambia Mama Chepkorir, mwenyekiti wa akina mama. "Si angalau mtu mmoja apeleke sufuria?"

"Sufuria haina roho, Mama Kipketer. Kitu cha mkono ndicho kina roho."

"Roho ya nani?"

Akanitazama kana kwamba nimetukana madhabahuni. "Ya yule anayepeleka, bana!"

Nikafuma vyao mchana, na kwa bedkava yangu nikaiba nafasi zilizobaki: nikichunga ng'ombe, nikingoja ugali uive, nikimsikiliza Kiptanui, mume wangu, akieleza bei ya mbolea. Wiki ya harusi ilipofika, bedkava ikaisha. Niliifua, nikaitia wanga, nikaipiga pasi, nikaifunga kwa karatasi na kuiweka mezani, karibu na vitambaa vya Mama Chepkorir. Nikamwambia Kiptanui, polepole kama anayeongea na mgeni wa serikali, "Mama Chepkorir akija, mpe mzigo wake." Halafu nikaenda kusagisha mahindi.

Niliporudi, meza ilikuwa tupu.

"Baba Kipketer, ulimpa mzigo upi?"

"Ilikuwa miwili. Nikampa yote."

"Yote?"

"Kwani yeye si mwenyekiti?"

Kuna majibu ambayo Mkristo hawezi kuyatoa. Nilikimbia hadi kwa Mama Chepkorir, nikaambiwa ameshaondoka kwenda Moi's Bridge kwa binti yake, na kutoka huko ataenda harusini moja kwa moja. Nikajipa moyo kwamba nitampata kule harusini Bungoma kabla ya ibada. Na kweli nilimpata, mlangoni mwa kanisa, amevaa kitambaa kipya kichwani.

"Mama Chepkorir, ule mzigo mkubwa..."

"Asante sana!" Akanikumbatia hadi nikakosa pumzi. "Nilijua umeniongezea kwa ajili ya urafiki wetu. Nimeshaupeana. Jina langu liko juu!" Akaingia ndani kuimba.

Nifanye nini? Nilitoka mbio hadi duka la karibu, nikanunua thamosi ya chai yenye maua mekundu. Mama mzazi wa bwana harusi, mfumaji wa nusu ya Kitale, na thamosi kwapani.

Wakati wa zawadi ulipofika, vitambaa vilipita mbele yangu kama ng'ombe wakienda kuogeshwa, seti baada ya seti, na kila mama akapigiwa vigelegele kwa mikono yake. Kisha wasichana wawili wakaikunjua bedkava yangu. Watu wakasimama. Emsii akauliza, "Mama Chepkorir, hii ulishona kwa muda gani?"

"Mwaka mzima," akasema yule mwanamke, na chozi likamtoka. Chozi la kweli! "Nikimwombea huyu msichana kila kitanzi."

Nikaitwa mimi. Thamosi ilipigiwa makofi ya adabu. Nyuma yangu mama mmoja wa upande wa bibi harusi akamnong'oneza mwenzake, "Ati hata mama mkwe amenunua tu?" Niliona haya hadi masikio yakawaka.

Nikaapa kwamba Nakhungu ataujua ukweli, biashara ife kama itakufa. Kesho yake, kabla hatujarudi Kitale, tulienda kuwaaga maharusi kwenye nyumba waliyopanga Kanduyi. Nakhungu akaniita chumbani peke yangu. Bedkava ilikuwa imetandikwa kitandani, nyeupe, imelala vizuri kuliko nilivyowazia. Nikafungua mdomo, lakini yeye akawahi.

"Mama, nilikuwa nawaogopa nyinyi. Nyumbani waliniambia, hao watu hawawezi kukupenda, si uliona ya tisini na mbili." Akaipapasa ile kazi yangu. "Sasa huyu Mama Chepkorir hata hanijui, na amenishonea mwaka mzima. Na wale wengine wote! Kumbe akina mama wa huko wote walikuwa wanakaa chini wakinifikiria mimi."

Nikaufunga mdomo. Ningemwambia nini? Kwamba wale wote ni mimi? Kwamba hao akina mama walikaa chini kunywa chai tu? Ningemnyang'anya wakwe wa mji mzima, nimwachie mmoja mwenye hasira.

"Walikufikiria," nikasema. Ulikuwa uongo mchungu kama mwarobaini, na nikaumeza.

"Na wewe, Mama, usione aibu kwa ile thamosi," akasema kwa upole. "Kipketer aliniambia wewe ni wa ng'ombe na shamba, mambo ya uzi huyajui. Hata mimi nilijifunza juzi tu. Kaa hapa, nitakufundisha."

Kipketer! Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Akatoa sindano ya kufumia na bonge la uzi wa rangi ya waridi. Akaketi ubavuni mwangu, akanishika vidole, akaanza kunionyesha. Mungu wangu. Sindano aliishika kama mwiko, uzi aliulegeza hadi vitanzi vikatosha kupitisha kuku. Vidole vyangu vilitaka kukimbia, nikavizuia kwa nguvu, jasho likinitoka, nikafuma kitanzi kimoja kibovu ambacho hata mtoto wa shule ningemchapa kwa kukifuma.

"Hapana, Mama, usikaze," akasema, akicheka kidogo, mkono wake juu ya wangu. "Polepole. Tutarudia pamoja."

Tukarudia. Safari hii nilikaribia kupatia, na nikahisi anaanza kulegeza mkono wake aniachie niendelee peke yangu. Nikakosea tena.