Flashi Tatu za Kuwekesha

Jumatatu asubuhi diski yangu ilianza kugonga. Tik, tik, tik, kimya kidogo, halafu tena tik, tik. Nikaipiga kofi la wastani, lile lililokuwa likiiponya redio ya marehemu baba. Ikanyamaza, na haikusema tena.

Ndani yake kulikuwa na kitabu changu. Miaka kumi na moja nilikuwa naandika historia ya kijiji chetu, kurasa mia mbili na kumi na mbili, kwa vidole viwili na miwani ya kuazima. Ijumaa nilitakiwa kukifikisha kwa mpiga chapa mjini Singida, ili kiwahi sherehe ya miaka sabini ya shule yetu ya msingi. Sura ya kwanza ilikuwa ya baba yangu, Mzee Leonidas, mwanzilishi wa shule hiyo. Nitasema ukweli: zile sura nyingine kumi na nne niliziandika ili ile ya kwanza isionekane peke yake.

Nikaichukua diski, nikaenda mjini kwa fundi Luqmani, mwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Aliichomeka, akainamisha sikio, akaichomoa.

"Imekufa, Mwalimu. Pole sana."

"Imekufaje? Nimeinunua mwaka juzi tu."

"Hizi hazina umri, Mwalimu. Ipo inayofika miaka kumi, ipo inayokufa na karatasi ya dukani haijabanduliwa. Umeipiga?"

"Kidogo."

Luqmani alivuta pumzi. Akasema Dar es Salaam wapo wanaofungua na kujaribu kuokoa kilichomo, ila ni wiki sita na hawaahidi kitu. Kisha akauliza kama nina bakapu, yaani nakala ya akiba.

Hapo nikavuta kiti, nikakaa. "Ninazo tatu. Zimelala mazizi matatu."

Nikamweleza, maana kijana ni wa mjini na kwao ni watu wa biashara. Sisi Wanyaturu hatulazi mali yote zizi moja. Mwenye ng'ombe wengi huwekesha: watano kwa shemeji, wanne kwa rafiki wa mbali, wengine kwa shangazi. Ugonjwa ukiingia huku, kule wamepona. Maziwa ni ya anayefuga, na samadi ni yake, lakini ng'ombe ni wako. Akizaa, unaambiwa. Akifa, unaletewa ngozi, kwa sababu bila ngozi hakuna kifo, kuna mchuzi tu. Basi na mimi mwaka jana niliweka kitabu kwenye flashi tatu, nikaziwekesha kwa watu watatu.

"Safi sana," Luqmani akasema. "Na umeshazijaribu?"

"Kuzijaribu?"

"Kuzifungua, uone kama kitu kimo."

Nikaona kijana huyu hakufunzwa. Ukishawekesha ng'ombe hupigi hodi kila wiki kuja kumhesabu. Ni kumwambia mwenyeji wako kwamba ni mwizi. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu mwenye adabu zangu, nikaondoka.

Zizi la kwanza lilikuwa hapohapo mjini, kwa Mselemu, muuza vyombo, rafiki yangu tangu tuko shule ya kati. Mselemu alifurahi mno kuniona. Alifungua kabati la chuma, akatoa kopo, ndani ya kopo kitambaa, ndani ya kitambaa nailoni, ndani ya nailoni flashi yangu, inang'aa.

"Mwaka mzima, Mwalimu, hakuna mkono ulioigusa. Hata mke wangu hajui ilipo."

Nilimkumbatia. Nikarudi kwa Luqmani nikitembea katikati ya barabara. Alifungua, akatazama, akakuna kichwa.

"Mwalimu, hii uliijaza mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Umeweka shotkati."

"Ndiyo nini?"

Alitafuta namna ya kunieleza bila kunivunjia heshima. Mwishowe akasema: "Ni alama tu ya kuonyesha kitabu kiko wapi. Kitabu chenyewe kilibaki kwenye ile diski iliyokufa. Kwa lugha ya kwenu, Mwalimu, ulimpa Mzee Mselemu kamba. Ng'ombe ulirudi naye nyumbani."

Mwaka mzima rafiki yangu amefungia kamba kwenye kabati la chuma. Sikurudi kumwambia, na nawaomba nanyi msimwambie.

Flashi mbili zilizobaki sikuzijaza mimi. Alizijaza Theresia, mjukuu wa shangazi yangu, mwalimu wa darasa la nne na mwenye laptopu yake. Hilo lilinipa moyo. Jumanne nikapanda basi hadi Ihanja, kwa shemeji yangu Mathayo, mdogo wa mke wangu. Aliponiona tu getini akavua kofia. Mathayo havui kofia hata kanisani mpaka akumbushwe.

"Karibu, shemeji. Nilikuwa najipanga kuja."

"Kuna nini?"

Akaingia ndani, akatoka na bahasha, akaniwekea mkononi kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na ganda la flashi lenye alama za meno, na kijibati kilichopinda.

"Niliifunga kwenye funguo isipotee. Funguo zikaanguka zizini. Mtoto wa mbwa akaiona. Imekufa mwezi wa tatu, shemeji. Ngozi hiyo hapo."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini utamtukana vipi mtu aliyekuletea ngozi? Mathayo alikuwa ametimiza kila kitu. Nilipokea bahasha, nikashukuru, nikala kuku wa pole, na alikuwa mtamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na miaka sabini na moja. Kitabu kingine nisingeandika. Wazee walionisimulia nusu yao tumeshawazika. Na baba angebaki picha moja tu ukutani, amesimama mlangoni mwa shule na kofia yake, bila hata mstari wa kueleza alifanya nini. Niliogopa, nasema wazi.

Jumatano nikafika Sepuka, kijiji cha jirani na chetu, kwa Shangazi Agripina, dada mdogo wa baba, mwenye miaka themanini na minane na meno sita anayoyatumia yote. Nilimkuta uani anapepeta mtama, Theresia yuko kando anasahihisha madaftari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kumtazama ng'ombe wako?"

"Yupo?"

"Yupo. Amezaa."

Nikamtazama Theresia. Theresia akatazama madaftari.

Ilikuwa hivi. Shangazi hasomi, lakini hawezi kukaa na mali ya mtu asiyoijua. Akaamuru asomewe. Kila Jumapili baada ya misa Theresia alifungua laptopu hapo uani akasoma, majirani wakaja na vigoda vyao, wakasikiliza, wakabisha. Wakibisha sana, shangazi alisema "andika", na Theresia, ambaye hajawahi kumkatalia bibi yake kitu, aliandika.

Kurasa mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimefika mia mbili na sitini na nane.

Nilichukua laptopu. Babu wa jirani wa kushoto ameua simba wawili. Katika maandishi yangu hakuua hata fisi. Wizi wa mbuzi wa mwaka wa njaa umetoweka wote, na pale ulipokuwa pana shairi la kumsifu mwizi. Mama mmoja ameongeza ukurasa mzima kuhusu kitunguu alichopata, ukubwa wake, na waliokuja kukitazama.

"Shangazi! Hiki si kitabu changu!"

"Ng'ombe ni wako na ndama ni wako," akasema, ungo haujasimama. "Usiyempenda, chinja."

Kweli. Kila nyongeza Theresia aliiandika kwa rangi nyekundu, kwa hiyo ningeweza kuzifuta zote na kubaki na changu. Kitabu kilikuwa kimepona. Nilicheka peke yangu. Nikaanza kuchinja: simba wa kwanza, simba wa pili, kitunguu. Nilichinja kwa raha mpaka nikarudi mwanzo, sura ya kwanza.

Ilikuwa nyekundu kuliko zote.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikauliza polepole, maana yule ni shangazi yangu: "Nani amesema baba hakujenga shule?"

Ungo ukasimama.

"Mimi. Mwaka ule kaka yangu alikuwa Tanga, kwenye mkonge. Aliondoka wewe ukiwa tumboni, hakutuma hata salamu. Mishonari alisema tukileta mawe atatuletea mwalimu. Waliobeba mawe ni wanawake, na aliyewaita wanawake, akawapanga zamu, akagombana na jumbe aliyetaka mawe yale yakajenge baraza lake, ni mama yako Felista. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilibeba mpaka nywele zikatoka utosini."

"Lakini picha ipo, shangazi. Baba amesimama mlangoni."

"Alirudi siku ya kuezeka. Alikuta picha inapigwa."

Theresia aliinua daftari akajifunika uso. Nilijua anacheka, na siku nyingine yoyote ningemfokea. Nilikuwa nimekaa na mama yangu miaka sitini na mitano hadi alipofariki, nikala kwake, nikamuuguza. Nilikuwa nimewahoji wazee arobaini na watatu kuhusu kijiji hiki. Yeye sikumhoji. Nilipokuja na daftari langu aliniuliza kama nimekula.

"Kwa nini hakusema?"

"Ungemuuliza, angesema."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Wekundu ule ungeondoka kwa mguso mmoja, na siku ya sherehe wageni wangesikia habari za Mzee Leonidas kama nilivyotaka. Hakuna ambaye angejua zaidi ya vikongwe wa Sepuka. Nikaondoa kidole, nikamrudishia Theresia laptopu, nikamwambia aigeuze sura yote iwe nyeusi, na afute ya kwangu.

"Yote, Mwalimu?"

"Yote. Acha pale anaporudi siku ya kuezeka. Hilo ni kweli."

Kisha nikamuuliza shangazi jambo ambalo halikuwamo kwenye maandishi mekundu. "Mwaka ule mimi nilikuwa na mwaka mmoja. Mama akibeba mawe, aliniacha na nani?"

"Akuache na nani? Ulikuwa mgongoni. Jiwe kichwani, wewe mgongoni, kutoka mtoni hadi juu. Na ulikuwa unalia! Njia nzima unalia. Tulimwambia, Felista, mpeleke huyo kwa bibi yake, masikio yetu yanauma. Akakataa. Akasema shule ni ya huyu, na aione ikijengwa."

Nilitaka kumwambia Theresia aandike hilo pia. Badala yake machozi yakanitoka. Nilivua miwani, nikajifuta kwa mkono wa shati, na mabega yakanitikisika mbele ya wote wawili, mtu mzima mwenye wajukuu saba.

Shangazi alinitazama, akachota mtama mwingine, akaanza kupepeta.

"Unaona?" akamwambia Theresia. "Ndivyo alivyokuwa, njia nzima."