Marehemu wa Majina Mawili

Simu ilimkuta Mable shambani kwake Wusi, juu kwenye milima ya Taita, akichuma maharagwe kwenye matuta ya chini karibu na kijito. Aliyepiga alikuwa mkwewe, Fuad. Alisema mtoto ni msichana na ni mzima. Mable akangoja amalizie. Kijana akaangua kilio, na hapo Mable akajua kwamba Valentine, binti yake wa pekee, hayupo tena. Alipojifungua, damu ilikataa kusimama.

"Mama, tunamzika leo baada ya laasiri," Fuad alisema. "Njoo upesi."

Kutoka Wusi kushuka hadi Voi ni kona juu ya kona, na mvua ilikuwa imemega barabara. Mable alimkimbilia shemeji yake Donald, ndugu mdogo wa marehemu mumewe. Donald alikuwa mzee wa kanisa, tena ndiye mwenye gari. Njia nzima Mable alilia maneno yale yale: "Nataka mtoto wangu. Wasimfukie kabla sijafika. Nataka mtoto wangu."

Alitaka kumwona uso, basi. Lakini Donald alisikia jingine. Mwaka ule Valentine alipoolewa na kuitwa Firdaus, Donald alikuwa amekataa kula chakula cha harusi. Sasa akashika simu, akampigia wakili, akawapigia na vijana wa kanisa.

Walipofika, jeneza la msikiti lilikuwa tayari mlangoni mwa mochari. Mbele yake alisimama Mzee Mwinyihaji, ami yake Fuad, mwenye duka la vitambaa pale Voi, mtu ambaye neno lake nyumbani kwao halikupingwa.

"Maiti haingoji, Bwana Donald," alisema. "Huyu ni Firdaus, mke wa mwanetu. Alitamka shahada mbele yangu."

"Huyu ni Valentine," Donald akajibu. "Alibatizwa mbele yangu. Hatatupwa kwenye shimo bila sanduku."

"Sisi hatutupi watu."

Sauti zilipanda. Mable alijaribu kupita katikati yao aufikie mlango, akasukumwa, asijue ni mkono wa nani. Kabla jua halijatua ilikuja amri ya mahakama kwamba maiti isiguswe wala isitazamwe na upande wowote mpaka kesi iamuliwe. Mlango ukafungwa. Mable hakuuona uso wa mwanawe.

Wiki zikaanza kupita. Kule Wusi watu walimwonea Mable huruma ambayo hakuwahi kuipata maishani. Waliletwa wasichana wa kumtekea maji. Wanawake wa kanisa, wakiongozwa na Susan, rafiki yake tangu utotoni, walilala kwake kwa zamu. Jumapili alikalishwa benchi la mbele, na Mchungaji Sylus akahubiri akimtazama. "Wametuchukulia wasichana wetu," alisema, "sasa wanataka na mifupa yao." Watu wakaitika amina. Mable naye midomo yake iliitika, lakini akilini alikuwa akiwaza baridi ya mochari.

Huko Voi nako hakukuwa kwema. Duka la Mwinyihaji lilirushiwa mawe. Siku ya pili yake, mpangaji wake Mtaita akaambiwa atafute chumba kwingine. Kule Mraru, kwenye njia ya kupanda Wusi, bodaboda walianza kuwaruka abiria wenye buibui. Watu waliokuwa wakiazimana sufuria za harusi sasa walipishana barabarani kama hawajawahi kuonana.

Mable alishindwa kuvumilia. Asubuhi moja alishuka Voi peke yake, akabisha hodi nyumbani kwa Fuad. Aliyefungua ni Mwanamvita, mama yake Fuad, naye alifungua upenyo tu wa kutosha uso.

"Mkwe wangu," Mable alisema, "nionyeshe mjukuu wangu."

Mwanamvita alitazama nyuma yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wallahi ningekupa sasa hivi umpakate. Lakini wazee wamekataza hadi kesi iishe. Wanasema mtamchukua na yeye mkambatize."

"Nimchukue nimnyonyeshe nini, Mwanamvita? Mimi nina maziwa?"

"Najua, mwenzangu. Najua."

"Fuad yuko wapi?"

"Yumo ndani. Hasemi na mtu. Ami yake ndiye asemaye."

Mlango ulirudishwa taratibu. Ndani mtoto akaanza kulia, kilio chembamba cha njaa. Mable alisimama pale nje amebandika kiganja kwenye mbao za mlango, akasikiliza mpaka kilio kikanyamaza. Wapita njia walimtazama. Mmoja alimwuliza kama ni mgonjwa.

Kesi ilipokaribia, wakili alipanda Wusi kumfundisha la kusema. Aliketi sebuleni pamoja na Donald wakinywa chai. "Swali ni moja tu," alisema. "Mtoto wako alikufa akiwa wa dini gani. Wewe sema Mkristo. Sema Krismasi alikuwa akija kanisani."

"Alikuja," Mable alisema. "Alikaa nami."

"Basi. Hutakuwa umesema uongo."

Lakini Mable alikuwa anajua zaidi ya hapo. Mara ya mwisho Valentine alipokuja nyumbani, tumbo likiwa limeshaanza kuonekana, aliacha viazi alivyokuwa akimenya, akaomba maji na leso safi, akaingia chumba alicholala tangu mdogo. Mable alimkuta amesujudu sakafuni. Alingoja amalize, akamwuliza kutoka mlangoni, "Haya unayafanya kwa ajili ya Fuad?"

"Mwanzoni ndiyo," Valentine alijibu. "Sasa ni yangu mwenyewe. Nimetulia, mama. Usikasirike."

Mable alikasirika. Alimnunia mpaka jioni, na kesho yake Valentine akarudi Voi. Hawakuonana tena.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa hadi madirishani. Upande mmoja kofia na mabuibui, upande mwingine vitambaa vya kichwa vya wanawake wa kanisa, katikati askari. Mable alipoitwa alipewa Biblia aishike juu. Ilikuwa nzito kuliko yake ya nyumbani. Aliapa kusema kweli, na maisha yake yote alikuwa amekiogopa kitabu kile.

"Mama Valentine," wakili aliuliza, "mtoto wako alikufa akiwa wa dini gani?"

Mable alimtazama Donald, akamtazama Susan, akamtazama Mchungaji Sylus aliyekuwa amefumba macho akimwombea. Akamtafuta Fuad, akamwona ameinama.

"Mwislamu," alisema.

Wakili akakohoa. "Labda hukulielewa swali."

"Nimelielewa. Aliswali nyumbani kwangu, chumbani kwake, na hakuna aliyemlazimisha. Sikupenda. Lakini hapa nimeapishwa niseme kweli, sikuapishwa niseme ninachopenda." Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, naomba azikwe. Watu wanamwomba Mungu kila siku na mwanangu yuko kwenye friji. Azikwe tu, popote."

Alasiri hakimu aliamua maiti wapewe watu wa mumewe. Nje ya mahakama, Donald alimsogelea Mable karibu sana.

"Umemuuza mtoto wa ndugu yangu," alisema. "Utafute wa kukupandisha Wusi."

Gari likajaa, likaondoka. Susan alipita mbele ya Mable akitazama miguu yake.

Mable alitembea kwa miguu hadi mochari. Moyoni alijiambia kwamba sasa angalau mlango mmoja utafunguka, maana kweli aliyoisema imewapa hawa walichokitaka. Alikuta wanawake wa Voi wameshaingia kuosha. Akaomba kuingia. Mwanamke mmoja akamzuia, akamwambia asiye Mwislamu hamwoshi Mwislamu.

"Basi sitamgusa," Mable alisema. "Mkishamaliza, nionyesheni uso."

Mwanamvita akatoka, mikono imelowa, akamwendea Mwinyihaji. "Shemeji, kumtazama hakuna katazo. Muulize shekhe yeyote. Ni mamake."

Mwinyihaji hakuinua sauti. "Watu wake wametuzuilia maiti, wakalivunja duka langu, wakatuita washenzi. Leo wamekwisha kuondoka wamemwacha yeye ndio aje kulia? Tumechelewa vya kutosha."

"Mimi sikuvunja duka lako," Mable alisema. "Mzee, ulipokuja kuposa ulikula kwangu. Ulikaa kwenye kiti changu ukanisifia ndizi. Nakuomba."

Mzee akageuza uso. Pengine aliona haya, pengine hapana. Jeneza likatoka limefunikwa kitambaa cha kijani, limebebwa mabegani, na Fuad alikuwa mbele.

"Fuad," Mable aliita. "Fuad, mwanangu, simama kidogo."

Fuad alisita, hata waliokuwa nyuma yake wakajikwaa. Machozi yalimchuruzika hadi kidevuni. Kisha ami yake akamshika bega, akaendelea kutembea. Mable aliwafuata hadi gari lilipowaka, kisha akaketi chini kwenye vumbi.

Ni Mwanamvita aliyerudi kumwinua. Wanaume wakiwa makaburini, alimpitisha uani, akamketisha kwenye mkeka, akamletea mtoto. Mable alimpokea kwa mikono miwili, akaifungua shali, akamtazama kwa pupa, akitafuta chochote cha Valentine, pua, kidevu, hata ukucha. Hakukiona. Mtoto alikuwa na paji pana la uso na masikio yaliyolala ya Mwinyihaji. Mable alimkumbatia vivyo hivyo, akamnusa kichwani, akamwimbia kwa Kidawida, lugha ya kwao, wimbo ambao nusu ya maneno alikuwa ameyasahau.

Sauti za wanaume zikasikika barabarani. Mwanamvita akanyoosha mikono.

"Nipe, mkwe. Wasikukute. Nitakupigia simu, nitakwambia siku ya kuja."

"Usininyime huyu, Mwanamvita."

"Nitakupigia," Mwanamvita alirudia, lakini hakumtazama machoni.

Hakupiga. Mable alipopiga yeye, namba ilikuwa haipatikani, na ya Fuad hivyo hivyo. Alishuka Voi tena, na tena, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Jirani akamwambia mtoto amepelekwa Mombasa kwa jamaa, hajui mtaa. Kule Wusi Donald alipitisha ua katikati ya njia ya kwenda kijitoni, Mable akawa anazunguka mbali kuteka maji, na waliokutana naye walimjibu salamu kwa kichwa tu.

Hata hivyo Jumapili aliendelea kwenda kanisani, maana hakujua pengine pa kwenda. Alikaa benchi la nyuma, na waliokuwa wamekaa hapo wakahamia mbele mmoja mmoja. Jumapili moja Mchungaji Sylus alihubiri juu ya upendo. Ulipofika wakati wa kuomba, Mable alipiga magoti kama wengine, akatafuta neno la kumwambia Mungu, akalikosa. Alibaki amefumba macho mpaka wenzake walipomaliza.